Day One: Kujua mwisho siyo kosa, kosa ni somo lililorukwa

 Nipo Lupiro kwa mazoezi ya kufundisha, mtandao wenyewe wa kubahatisha, kwa hiyo wale mlioniandikia kuuliza mbona kimya, jibu ndo hilo. Habari za darasani nitawapa siku nyingine. Leo nimekuja na ugomvi.

Ugomvi wenyewe ni ule tuliouacha pale kimbweta kabla hatujatawanyika: ile filamu ya A Quiet Place: Day One. Mnakumbuka mlivyojigawa. Kundi la kwanza likasema filamu ya bure kabisa, eti kwa sababu mwisho tunaujua. Kundi la pili likasema hakuna kama hiyo, na hoja yao ilikuwa moja tu: Lupita ni wa kwetu. Nimeirudia mara mbili kwenye laptop tangu nifike huku, na nasema makundi yote mawili mmeangalia pembeni ya filamu.

Kwa wale waliokuwa wanasinzia siku ile: kulikuwa na filamu mbili za John Krasinski, ya kwanza 2018, ya pili 2021. Viumbe wametoka angani, vipofu, lakini masikio yao ni balaa. Ukitoa sauti umekwisha. Day One ilitoka Juni 2024, ikaongozwa na Michael Sarnoski, ni ya tatu kutoka lakini inarudi nyuma mpaka siku viumbe walipoiangukia New York. Filamu ya namna hii mi naiita filamu tangulizi, inazaliwa baadaye halafu inasimulia ya kabla. Kama bado hujaiona ishia hapa, kaitafute kwanza, maana namwaga kila kitu.

Tuanze na kundi la kwanza. "Mwisho tunaujua." Jamani, na nyie mnajiita watu wa fasihi? Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthiliya ya mwaka 1969, nani kati yenu aliifungua akitegemea kwamba safari hii maji yatazuia risasi? Hapa nilipo, barabara inayoendelea mbele inapanda mpaka Mahenge, na huko Mahenge tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Majimaji walilivamia boma la Wajerumani wakakutana na bunduki za rashasha. Kila mtoto wa bonde hili anajua ilivyokwisha. Mbona tamthiliya bado inatushika koo? Kwa sababu Hussein hatuulizi kama maji yatafanya kazi. Anatuuliza watu walifikaje mpaka wakayaamini, na aliyelitoa lile neno anafanyaje akishaona halimtii tena.

Huo ndo mzani wa hadithi yoyote inayorudi nyuma. Mtazamaji anajua tayari nini kitatokea, kwa hiyo swali linalobaki ni: walifikaje pale? Nani alijua kwanza, alijuaje, na ilimgharimu nini? Mkiiweka Day One kwenye mzani huu mtaona inapofeli na inapofaulu, na wala siyo pale mlipokuwa mnapagombania.

Inapofeli ni hapa. Filamu inaanza vizuri sana, inatuambia jiji la New York kwa wastani linapiga kelele za desibeli 90, sawa na mtu anayepiga yowe bila kupumzika. Nikasema haya, sasa tutaona jinsi jiji la kelele namna hii linavyojifunza kunyamaza. Viumbe wanaanguka, vumbi kila mahali, watu wanakimbia, Sam wa Lupita anarushwa anazimia. Anapozinduka yuko ndani ya jumba la maonyesho, na watu tayari wameshajua. Wote kimya! Somo zima limefundishwa yeye akiwa amezimia, na sisi tukiwa tumezimia naye. Baadaye helikopta zinapita juu zinatangaza maelekezo, basi, imetoka hiyo.

Wenzangu wa ualimu, liangalieni hilo kama andalio la somo. Utangulizi upo. Hatua ya maarifa mapya haipo. Tumerukia kuimarisha. Ukimpelekea mkufunzi andalio la hivyo anakurudishia hata hajakaa kwenye kiti.

Kuna atakayesema, sasa ulitaka wagundue nini, wakati silaha ya kuwaua viumbe inagunduliwa na yule binti kiziwi kwenye filamu ya 2018, zaidi ya siku 470 baadaye? Kweli kabisa. Silaha ilikuwa imeshafungiwa, Sarnoski hakuwa na ruhusa ya kuigusa. Lakini kanuni ya kimya ilikuwa mezani, bure. Mtu wa kwanza kumziba mwenzake mdomo alikuwa nani? Aliona nini mpaka akaunganisha sauti na kifo? Wangapi walikufa wakiitana majina kwenye lile vumbi? Nani aliwaza kwamba simu ziko mifukoni mwa watu? Hata dakika kumi tu za hayo zingetosha, na jina la "siku ya kwanza" lingekuwa na maana yake.

Mi sikubali maarifa yafanywe kitu kinachookotwa, na nikiwa Lupiro ndo nakataa zaidi. Huku tuna kiumbe wetu anayewinda usiku. Yeye hafuati sauti, anafuata pumzi unayoitoa na harufu ya mwili wako, kwa hiyo ukikaa kimya ndo kwanza unamrahisishia. Watu wameugua malaria vizazi na vizazi bila kujua adui ni nani, mpaka mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alipomkuta mdudu wa malaria ndani ya tumbo la mbu. Watafiti wa Ifakara wamekesha miaka na miaka kwenye vibanda vya majaribio hapa hapa Lupiro, wakitega mbu na kuwahesabu. Mwaka 1997 ukaja mradi wa KINET kwenye wilaya za Kilombero na Ulanga, vyandarua vikauzwa kwa jina la Zuia Mbu, na watu wakaanza kufundishana kulala ndani yake. Leo nawaambia wanafunzi wangu sentensi fupi tu, laleni ndani ya chandarua, lakini nyuma ya sentensi hiyo kuna zaidi ya miaka mia ya watu kuugua, kubahatisha, kukosea na kuhesabu. Filamu inayotuahidi mwanzo halafu ikatupa sentensi bila ile miaka imetupunja.

Na siyo hapo tu. Henri, anayechezwa na Djimon Hounsou, tulishamwona kwenye filamu ya pili akiwa kisiwani, kwa hiyo hapa kapachikwa ili tuseme "aaah, yule!" Ndani ya jumba anamziba mdomo mtu aliyepagawa, mtu yule anamfia mikononi. Mzigo mzito huo kuubeba! Filamu inamwonyesha kidogo tu akiwa ameshikwa na huzuni, halafu inamwacha, tunakuja kumwona tena kwenye boti. Na paka je? Frodo anapita kwenye moto, maji na viumbe, kutoa mlio hataki. Nyie mmewahi kufuga paka kweli?

Sasa inapofaulu, na hapa nageukia kundi la pili.

Ndiyo, Lupita Nyong'o kazaliwa Mexico City, kakulia Kenya, na sisi huku Afrika Mashariki tuna haki ya kutamba. Lakini kumsifia mtu kwa sababu ya jina lake la ukoo ni namna ya kutoitazama kazi yake. Angalieni hiki. Mwaka 2014 alipata tuzo ya Oscar kwa filamu ya 12 Years a Slave. Kisha kwenye Star Wars ya 2015 wakamfanya Maz Kanata, kikongwe aliyechorwa na kompyuta, uso wake hauonekani kabisa. Kwenye The Jungle Book ya 2016 akawa sauti ya mbwa mwitu. Mtu ana uso ule, na wao wakachukua sauti tu! Day One imegeuza: sauti imechukuliwa, uso umeachwa. Anaongea kwa macho karibu filamu nzima, hofu, uchovu, kejeli, maumivu ya ugonjwa, na unayatofautisha yote bila neno. Msifieni kwa hilo.

Tena kuna kitu kikubwa zaidi. Sam ni mgonjwa wa saratani, anaishi kwenye kituo cha wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Mwisho wake anaujua kabla viumbe hawajaanguka. Mnaona ujanja wa mwandishi hapo? Tatizo la filamu tangulizi ni kwamba mtazamaji anajua mwisho, basi yeye katafuta mhusika ambaye naye anaujua wa kwake. Tukawa tumekaa naye benchi moja. Wakati maelfu wanakimbilia boti, maana viumbe hawawezi kuogelea, Sam anatembea kinyume chao kwenda Harlem kula piza ya Patsy's, kwa sababu baba yake alikuwa akipiga piano kwenye klabu ya jazi na wakishamaliza wanakwenda kula pale.

Mkacheka pale kimbweta. "Dunia inaisha, yeye piza!"

Mi sikucheka, na nitawaambia kwa nini. Nikiwa kidato cha tano mama yangu mdogo alirudishwa nyumbani kutoka hospitali akiwa na saratani ya mlango wa kizazi. Kila mtu pale nyumbani alijua amerudi kufanya nini, na yeye alijua kuliko sisi wote. Alichoomba kilikuwa kimoja, apelekwe shambani akaone mpunga ukivunwa. Wakubwa wakamjibu, subiri upone kwanza. Wakamwambia hivyo mpaka wiki ya mwisho. Amefia ndani, na kutoka dirishani ulikuwa unawasikia watu wanapiga mpunga. Hakuna aliyemchukia. Wote walimpenda, lakini walimnyamazisha kwa upendo, kila akitaka kusema la moyoni anaambiwa utapona.

Ndo maana yule Eric, mwanafunzi wa sheria kutoka Uingereza ambaye hamjui Sam wala nini, mi namuweka juu kuliko mashujaa wote wenye bunduki. Anamsikia. Mgahawa wameukuta umeungua, basi anakwenda kutafuta piza kwingine, anaandika jina la Patsy's juu ya boksi, anampelekea kwenye ile klabu aliyokuwa akipiga baba yake. Na kabla ya hapo kuna ile ya radi: mvua inanyesha, radi ikipiga inafunika kila sauti, na wao wanasubiri ipige ndipo wapige yowe kwa nguvu zao zote. Jiji zima la desibeli 90 limefungwa mdomo, na mgonjwa mmoja kapata nafasi ya kulia kwa sauti bila mtu kumwambia nyamaza. Mnaotaka vita, hiyo ndo vita yenyewe.

Mwishoni Sam anamkabidhi Eric paka na sweta lake, anagonga magari ving'ora vilie, viumbe wanamfuata yeye na Eric anaiwahi boti. Halafu anatembea barabarani anasikiliza muziki, anachomoa waya wa spika za masikioni, na sauti inatoka nje. Kila mtu anajua nini kinafuata. Nilijua, mlijua, yeye alijua. Na bado mkono wangu ulikuwa mdomoni.

Kwa hiyo alama zangu, kama mwalimu mtarajiwa: kwa kuonyesha dunia ilivyojifunza kunyamaza, mbili kwa kumi, na hizo mbili ni za zile desibeli 90. Kwa kumpa mtu anayekufa nafasi ya kuchagua siku yake, tisa. Wale wa "mwisho tunaujua", nendeni mkasome upya Kinjeketile. Wale wa "wa kwetu", angalieni uso. Na kama nyumbani kwenu kuna mgonjwa anayeomba kitu kidogo mnachokiona cha kijinga, mpeni leo.

Nawakilisha. Uwanja wenu, mwageni hoja, nikipata mtandao nitajibu mmoja mmoja.