Nani alipe gharama ya kusubiri jibu la chuo?

Mhitimu wa fizikia au kemia anayetaka kuendelea na sayansi ya malighafi, elimu inayochunguza kwa nini chuma, udongo, kioo na plastiki vina tabia vilivyo nazo na namna ya kuviboresha, hutuma maombi yake Desemba. Baada ya hapo hana la kufanya ila kusubiri. Januari inapita, Februari inapita, Machi inakatika, na barua pepe ni zile zile za matangazo. Akibahatika, jibu linafika Aprili. Asipobahatika linafika Julai, au halifiki kabisa, na yeye mwenyewe ndiye anayelazimika kukisia kwamba kimya kile kilikuwa kukataliwa.

Wakubwa humfariji kwa methali ya subira yavuta heri. Methali ni njema, lakini hapa imewekwa mahali pasipo pake. Kusubiri huku kumetengenezwa na taratibu za fedha na ofisi, na kila mwezi wa kusubiri una bei yake. Swali la umma ni nani anayelipa bei hiyo, na kama ni haki alipe peke yake.

Mahali pazuri pa kulipima swali hili ni Kimisagara, katika wilaya ya Nyarugenge jijini Kigali. Ukipanda kilima kutoka huko unafika kwenye kampasi ya Nyarugenge ya Chuo Kikuu cha Rwanda, iliyokuwa chuo cha KIST, kilichoanzishwa mwaka 1997, kabla ya vyuo vya umma kuunganishwa mwaka 2013. Ukiteremka unaingia Nyabugogo, stendi kuu ya mabasi, ambako Kiswahili cha madereva na wachuuzi kilikuwa kikisikika muda mrefu kabla hakijafanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017. Ukishika barabara ya kaskazini unapita Karuruma, penye kiwanda cha kuyeyusha bati. Na kwenye bonde la Mpazi, jirani kabisa, yamesimama maghorofa ya makazi yaliyojengwa kwa matofali ya kisasa ya udongo wa kuchoma yanayotengenezwa humu humu nchini.

Kwa hiyo mada za sayansi hii zimemzunguka kijana wa Kimisagara pande zote. Fundi simu wa Nyabugogo anachomelea kwa bati na kubadilisha vipuri vyenye tantali, madini yanayochimbwa katika ukanda huu wa Maziwa Makuu, na Rwanda ni miongoni mwa wauzaji wake wakubwa duniani. Matofali ya Mpazi yalihitaji mtu anayejua udongo gani uchanganywe na upi, na tanuri lipandishwe joto kiasi gani. Malighafi ipo, na kazi ipo. Kinachokosekana ni nafasi ya kuisomea kwa kina, na nafasi hiyo mara nyingi iko ng'ambo, nyuma ya jibu lisilofika.

Tuanze na hesabu. Vyuo vingi vya Marekani hutoza ada ya maombi, na dola 80 si kiwango cha ajabu. Anayeomba vyuo vinne anatoa dola 320, ambazo kwa kiwango kinachozidi faranga 1,400 kwa dola ni zaidi ya faranga 448,000. Mtihani wa Kiingereza wa TOEFL unazidi dola 200. Baadhi ya idara bado zinataka na mtihani wa GRE wa kuingia masomo ya uzamili na uzamivu, dola nyingine 220. Akikubaliwa, kuna dola 350 za kusajiliwa katika mfumo wa wanafunzi wa kigeni wa Marekani na dola 185 za kuomba viza. Baadhi ya vyuo husamehe ada ya maombi kwa anayeomba, lakini lazima ujue kwamba msamaha huo upo, na uombe mapema.

Hizo ni gharama zenye risiti. Gharama kubwa zaidi haina risiti. Mwajiri wa Kigali mara nyingi anataka mtu wa mkataba wa mwaka mzima, na anayesubiri jibu hawezi kuahidi hivyo kwa moyo mweupe. Basi anafundisha watoto masomo ya ziada jioni, au anakaa kwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu, au anamsaidia mjomba dukani. Mwenye nyumba hasubiri Aprili. Na anayeshinda kibandani anaanza kusahau maabara, jambo ambalo kamati ya udahili mwaka unaofuata italiandika kama pengo katika wasifu wake. Mtoto wa mwenye nacho naye anasubiri, lakini anasubiria nyumbani kwao, akijitolea bila mshahara katika maabara ya rafiki wa baba. Muda ni ule ule kwa wote wawili, ila mmoja anautumia kujinoa na mwingine unamla.

Kwa nini majibu yachelewe? Upande wa Marekani ipo sababu ya kweli. Mwanafunzi wa uzamivu katika sayansi ya malighafi kwa kawaida halipi ada. Analipwa yeye posho, na fedha hiyo mara nyingi hutoka katika ruzuku ya utafiti ya msimamizi wake. Profesa asiyejua kama ruzuku yake itapita hawezi kusema anachukua wanafunzi wawili au hamchukui hata mmoja. Kumkubali mwombaji hapo ni kuahidi kumlisha miaka mitano, na hakuna mwenye busara anayetoa ahadi hiyo na mfuko mtupu.

Mwaka 2025 hali hiyo ilionekana waziwazi. Serikali ya Marekani ilipozibana fedha za utafiti, Chuo Kikuu cha Pittsburgh kilisimamisha kwa muda udahili wa uzamivu mwezi Februari, na mwezi Machi chuo cha udaktari cha UMass Chan kilifuta nafasi ambazo tayari kilikuwa kimewapa waombaji wa uzamivu. Mwisho wa Mei, balozi za Marekani ziliambiwa zisitishe kupanga usaili mpya wa viza za wanafunzi, agizo lililodumu wiki kadhaa. Mwezi Juni, jirani zetu wa Burundi wakawekwa katika orodha ya nchi ambazo raia wake hawapewi viza za masomo za Marekani. Mtu anaweza kuwa na alama nzuri, barua nzuri na msimamizi anayemtaka, na bado mlango ukafungwa na jambo asiloweza hata kulijadili.

Ipo kanuni ambayo watetezi wa mfumo huo huitaja kama ushahidi wa haki. Vyuo vya Marekani vilivyotia saini azimio la Baraza la Shule za Uzamili vimekubali kwamba aliyepewa nafasi yenye ufadhili halazimiki kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Ni kanuni njema, ila isomeke kwa makini. Inamlinda aliyekwisha kupata asiharakishwe, wala haikilazimishi chuo kumjibu ambaye hajapata. Zaidi ya hapo, mwenye nafasi tatu mkononi anaweza kuzishikilia zote hadi siku ya mwisho, na aliye kwenye orodha ya akiba akabaki hajui lolote mpaka saa za mwisho za tarehe hiyo. Kanuni imegawa muda, na fungu kubwa limekwenda kwa aliyekuwa na chaguo tangu mwanzo.

Wapo watakaosema: si lazima aende Marekani, kwa nini asisome hapa hapa? Hoja hii ina uzito, na ina uzito zaidi leo kuliko miaka 20 iliyopita. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011, ina shule inayojumuisha malighafi, nishati, maji na mazingira. Makerere ina kituo cha umahiri cha malighafi, ubunifu wa bidhaa na nanoteknolojia, kilichozaliwa na mradi wa Benki ya Dunia wa ACE II ulioanza mwaka 2016. Basi la Kampala linaondokea Nyabugogo. Na juu ya kilima, katika kampasi ile ile ya Nyarugenge, tangu mwaka 2018 ipo EAIFR, taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa sayansi ya msingi, mshirika wa kituo cha fizikia cha ICTP cha Trieste, Italia, inayofundisha fizikia ya vitu yabisi hadi ngazi ya uzamivu.

Uchaguzi wa EAIFR wa kufundisha fizikia hiyo una somo ndani yake. Utafiti wa malighafi kwa njia ya maabara unahitaji darubini za elektroni na mashine za miale ya X ambazo bei yake inaitisha bajeti ya idara nzima, na chanzo cha miale ya sinkrotroni, mtambo mkubwa wa kutoa miale mikali ya X, hakipo hata kimoja katika bara letu. Lakini tabia za atomi ndani ya madini zinaweza pia kukokotolewa kwa kompyuta, na hapo kinachotakiwa ni umeme wa uhakika, intaneti na kichwa kilichoiva. Ndiyo maana mafunzo ya ASESMA, yanayowafundisha vijana wa Afrika mbinu hizo za ukokotoaji, yameweza kuzunguka bara tangu mwaka 2010, na mwaka 2012 yakafanyika Eldoret, Kenya.

Hata hivyo, anayesema "msome hapa" anasahau jambo moja. Vyuo vyetu navyo vinasubirisha, na kwa namna fulani vinasubirisha vibaya zaidi. Kule Marekani barua ya kukubaliwa katika uzamivu kwa kawaida huja pamoja na ufadhili, kwa hiyo jibu ni moja. Kwetu mara nyingi udahili ni kitu kimoja na fedha ni kitu kingine kabisa. Kijana anapewa barua ya kukubaliwa, familia inafurahi, halafu anaanza kusubiri upya: mfadhili, serikali, mradi wa mkufunzi, mfuko wa kikanda. Anasubiri mara mbili kwa nafasi moja, na ile barua ya kwanza inaweza kuharibika mkononi kabla ya ile ya pili kufika. Kukubaliwa bila ufadhili, kwa mtoto wa mpangaji wa Kimisagara, ni kukataliwa kwa lugha ya heshima.

Wala hatuwezi kudai kwamba haiwezekani kufanya vingine. Mfuko wa ufadhili wa masomo wa RSIF, ulio chini ya mpango wa nchi za Afrika wa PASET na kuendeshwa na kituo cha utafiti cha icipe kutoka Nairobi, umejengwa kwa fedha za serikali za Afrika, Rwanda ikiwemo, pamoja na wafadhili wengine. Moja ya maeneo yake ya kipaumbele ni madini na uhandisi wa malighafi. Mfuko huo huchagua mwanafunzi na kumlipia katika chuo cha Kiafrika, huku akienda pia kwa muda katika maabara ya nje. Kasoro yake ni uchache wa nafasi. Wazo lenyewe ni sahihi: fedha na nafasi zimeunganishwa.

Nakubali pia hoja ya maofisa wa udahili wa kwetu, kwamba bajeti za serikali hupitishwa Juni na hawawezi kuahidi fedha Machi. Ni kweli. Lakini ukweli huo unadai kalenda iliyo wazi, hauhalalishi kimya. Ofisi inayojua kwamba haitakuwa na jibu kabla ya Julai inaweza kulisema hilo Januari, katika tangazo lenyewe. Mwombaji akijua hivyo atachukua mkataba wa kazi wa miezi sita bila wasiwasi. Kutojua tarehe kunamuumiza zaidi kuliko urefu wa muda wenyewe, kwa sababu mtu hawezi kupanga maisha juu ya "hivi karibuni".

Basi lifanyike nini? Mwezi Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu la Jumuiya hiyo, IUCEA, ndilo lenye jukumu la kulisimamia. Tangazo hilo limezungumzia sana kutambuana kwa vyeti na kuhama kwa wanafunzi. Litapata maana mtaani siku litakapoweka mambo matatu ambayo hayahitaji darubini ya elektroni wala mkopo wa Benki ya Dunia. La kwanza, kila chuo kitangaze tarehe ya mwisho ya kumjibu mwombaji wa uzamili na uzamivu, na aliyekataliwa aambiwe siku hiyo hiyo na aliyekubaliwa. La pili, barua ya udahili iseme waziwazi kama kuna ufadhili, kiasi gani, na kama haujaamuliwa, utaamuliwa lini. La tatu, ada ya maombi isitozwe kwa nafasi ambayo chuo chenyewe hakijui kama kitaweza kuijaza.

Kwa upande wa nchi, Rwanda inaweza kuongeza la nne: nafasi za muda za kulipwa kwa wahitimu wanaosubiri, katika maabara za viwango, viwanda vya matofali na saruji, na kiwanda cha Karuruma. Hizo si sadaka. Nchi inayouza bati na tantali inahitaji watu wanaojua kupima usafi wa madini yake yenyewe, na mwaka wa kusubiri ukitumika hivyo humrudisha mwombaji kwenye kamati akiwa na uzoefu badala ya pengo.

Vyuo vya Marekani hatuwezi kuviamuru. Vya Arusha, Kampala, Nairobi na Kigali tunaweza, kwa sababu vyuo vya umma vya miji hiyo vinaendeshwa kwa kodi zetu. IUCEA ianze na tarehe ya majibu. Haigharimu chochote, na chuo kitakachoshindwa kuitangaza kitakuwa kimekiri kwamba muda wa kijana hakiuthamini.