Barabara na Viwanja vya Goma: Kusikia si Kujibu

Ndugu wachimbaji wa madini, ndugu wakaaji wa mji, akina mama wa soko, vijana wa chukudu na wa pikipiki,

Habari yetu ya leo si kubwa machoni pa wakubwa. Si habari ya mapatano yanayotiwa sahihi katika nchi za watu. Ni habari ya njia unayopita asubuhi kwenda kazini, na ya kiwanja ambacho mtoto wako alichezea mpira juzi, na leo amekikuta kimezungushiwa ukuta. Wako watakaocheka na kusema kwamba katika siku za vita ni aibu kuandika juu ya mashimo na mifereji. Sisi twajibu hivi: mtu aliyenyimwa neno juu ya njia ya mlangoni pake, hatapewa neno juu ya nchi yake.

Wakaaji wa Birere, wa Majengo, wa Mabanga, wa Ndosho na wa Katoyi wamelalamika miaka na miaka. Hawaombi dhahabu. Wasema: barabara kuu chache zimetiwa lami, lakini ukigeuka tu kuingia kartie, unakanyaga mawe ya volkano yaliyochongoka kama meno. Jua likiwaka, vumbi laingia kifuani na katika sufuria. Mvua ikinyesha, maji hayana mfereji, yaingia nyumbani na takataka zote za jirani. Wasema tena: watoto wetu hawana mahali pa kucheza. Ziwa Kivu liko mbele ya macho yetu, lakini ukitafuta njia ya kulifikia, unakuta ukuta, kisha lango, kisha mlinzi. Yule mama anayekwenda kuteka maji lazima azunguke mbali, kana kwamba ziwa ni la wenye hoteli.

Na jibu la ofisi ni lipi? Wakubwa wamebadilika mara nyingi, lakini jibu halibadiliki. Wasema, "Tumewasikia." Basi, mgonjwa akimwambia mganga, "Naumwa," naye mganga akajibu, "Nimekusikia," kisha akafunga mlango, je, mgonjwa huyo ametibiwa?

Tukiendelea kuuliza, twapewa sababu tatu. Tuzichukue moja moja, tuzipime.

Sababu ya kwanza: volkano. Twaambiwa kwamba Nyiragongo ndiyo iliyoharibu mji. Ni kweli. Mlima ulimwaga moto mwaka wa 1977. Tarehe 17 Januari 2002 moto ulishuka mpaka katikati ya mji ukafika ziwani, ukafunika karibu sehemu 13 katika kila 100 za mji, na kula kipande cha uwanja wa ndege. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukasimama karibu na mji. Lakini mlima haukugawa viwanja. Mlima haukuandika hati za ardhi. Mlima haukuziba mifereji. Na wenyeji hawakumngoja mtu: waliyavunja mawe yale yale kwa nyundo, wakafanya kokoto, wakajenga nyumba juu ya moto uliopoa. Ikiwa mama mwenye nyundo moja aliweza kujenga nyumba, ofisi yenye mihuri na magari imeshindwa nini?

Tena, volkano ndiyo sababu kubwa ya kutaka barabara na viwanja wazi. Mwaka wa 2002 watu walikimbia, wengine kuelekea Gisenyi, wengine kuelekea Sake. Tarehe 27 Mei 2021 kartie kumi ziliamriwa kuhama, na maelfu kwa maelfu wakajaa njiani na magodoro na watoto. Katika mji wa namna hii, njia pana ni uhai, na kiwanja kitupu ni mahali pa kukusanyika na kuhesabu watoto. Anayeuza kiwanja hicho hauzi udongo, auza mahali pa kuponea.

Sababu ya pili: hakuna fedha. Hapa, ndugu wachimbaji, sikilizeni vizuri. Koltani ya Rubaya inakadiriwa kuwa karibu sehemu 15 katika kila 100 za tantali inayochimbwa duniani. Ilichimbwa kwa mikono yenu, ikabebwa migongoni mwenu na juu ya pikipiki. Kwa miaka mingi madini ya Masisi na ya Walikale yalipita katika barabara hizi hizi za Goma, yakaacha vumbi, yakaenda zake. Mwisho wa mwaka wa 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba M23 ilikuwa ikikusanya dola zisizopungua 800,000 kila mwezi kwa ushuru wa madini ya Rubaya. Kabla yao walikuwako wengine waliokusanya. Fedha zimo, njia ya kuja kwetu ndiyo haimo.

Na sheria yasemaje? Katiba ya mwaka wa 2006, kifungu cha 175, yasema kwamba mikoa ipate sehemu 40 katika kila 100 za mapato ya taifa, nayo yakatwe hapo hapo yanapokusanywa. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikaongeza kwamba katika fungu hilo, miji na komini na wenzao wapate 40 katika kila 100. Kinshasa haikuitimiza amri hiyo. Kodi ilipanda kwenda juu kama moshi, ikarudi chini kama umande. Na mama anayeuza dagaa juu ya kitambaa, yeye hulipa kila siku, mvua na jua. Karatasi yake ya ushuru anayo. Tunauliza: iko wapi karatasi ya mji inayoonyesha fedha ya mama huyo imetengeneza mtaro gani?

Sababu ya tatu: wananchi wafanye salongo. Hatuikatai kazi. Mtu anayetupa takataka katika mfereji na kumlaumu meya tu, huyo pia twamsema, tena hadharani. Lakini koleo haliwezi kufanya kazi ya bajeti. Wazee wetu wanakumbuka Bula Matari alivyowatoa watu nyumbani kwa nguvu kwenda kulima barabara, na juu ya hayo wakalipa kodi ya kichwa. Mtu akilipa kodi, kisha akalazimishwa kufanya kwa mikono yake ile kazi aliyoilipia, amelipa mara mbili. Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 haukupiganiwa kwa ajili ya hayo.

Sasa tuseme neno lililofichwa chini ya sababu zote tatu. Barabara ni mbovu na viwanja vinapotea kwa kuwa wanaoamua hawakuchaguliwa na wanaokaa humo. Mwaka wa 1957 Wabelgiji, kwa kuona upepo umegeuka, waliruhusu uchaguzi wa komini katika Léopoldville, Élisabethville na Jadotville. Walipiga kura wanaume tu, na juu ya mabaraza hayo aliketi mkubwa Mzungu aliyewekwa na serikali. Hata hivyo watu walionja kitu: kumwita mtu na kumwuliza. Katika kambi za makampuni ya madini mambo yalikuwa namna nyingine. Njia zilifagiwa, uwanja wa mpira ulikuwako. Lakini kambi ilikuwa ya kampuni, na mfanyakazi aliyefukuzwa kazi alifukuzwa na nyumbani. Basi twasema wazi kwamba hatutaki kambi iliyofagiwa. Twataka mji ulio wetu.

Sheria ya 2008 ilisema burugumesta achaguliwe na washauri wa komini, nao washauri wachaguliwe na watu. Miaka ikapita, maburugumesta wakawekwa kwa amri. Mei 2021 ilikuja hali ya dharura, mkoa ukapewa wanajeshi na ofisi ya mji ikapewa polisi. Desemba 2023 wapiga kura wa miji mikuu ya mikoa walichagua washauri wa komini. Januari 2025 M23 ikauteka mji kwa bunduki, na waliokaa katika ofisi baada ya hapo iliwaweka yenyewe. Ndugu, tazameni mfululizo huo. Ni mkubwa gani kati ya hao aliyehitaji sauti ya Mabanga ili akae katika kiti? Asiyepewa kiti na watu haogopi hasira ya watu.

Penye barabara kuu, wakubwa walisimamisha sanamu ya chukudu yenye rangi ya dhahabu. Ni sanamu nzuri. Lakini kijana wa chukudu wa kweli, mwenye viazi na makaa, anapita chini yake akiwa amevunja gurudumu. Wamemheshimu kwa rangi, wamemsahau kwa njia.

Kwa hiyo twadai haya.

Kwanza, kila komini ibandike mlangoni hesabu ya ushuru uliokusanywa na kazi iliyofanywa, kwa lugha ambayo mama wa soko aweza kuisoma.

Pili, viwanja vyote vya watu wote, vya mpira, vya masoko, vya shule, na njia za kwenda ziwani, viandikwe orodha, na orodha isomwe hadharani. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, kifungu cha 55, yasema ardhi iliyowekwa kwa matumizi ya watu wote haitolewi kwa mtu, maadamu haijaondolewa katika matumizi hayo kwa njia ya sheria. Basi aliyejenga juu yake atoe hati yake tuione.

Tatu, lalamiko la kartie lijibiwe kwa maandishi: kazi gani, lini, na kwa fedha gani.

Nne, na hili ndilo mama wa yote: baraza lichaguliwe na wakaaji, wanawake na wanaume, nalo liweze kuondolewa nao.

Nawe ndugu msomaji, una kazi yako. Tunza karatasi zako za ushuru, usizitupe. Kaeni watu wa avenii moja, andikeni kiwanja kilichopotea na mwaka kilipopotea, wazee waseme na vijana waandike. Na ukiletewa kiwanja cha watoto kwa bei rahisi, usikinunue. Mnunuzi na mwuzaji wa mali ya watu wote hula katika sahani moja.

Wakubwa wamesema wametusikia. Vema. Sasa na waseme wao, sisi tusikie.