Chanjo ni bure, lakini mlango wake unalipiwa



Juzi tulikuwa mtaani tukisaidia watu kujisajili SHA. Akaja dada mmoja na mtoto wa wiki tano mgongoni. Tukamuuliza kitabu cha kliniki, hana. Mtoto kazaliwa nyumbani na hajadungwa sindano hata moja. "SHA yangu sijalipa," akasema. "Nikaona nikienda nitaaibishwa bure."

Dada huyu alikosea jambo moja. Serikali imekosea jingine. Tuanze na lake, maana hilo linarekebishika leo leo.

Chanjo za watoto katika vituo vya serikali ni bure, na hazingoji SHA. Umelipa, hujalipa, mtoto ana haki ya BCG na polio akizaliwa, kisha chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, halafu surua na rubela akiwa na miezi 9 na 18. Hata matibabu ya kawaida ya dispensari hulipiwa na Mfuko wa Afya ya Msingi. Pale unatakiwa kujisajili tu, huulizwi mchango. Piga *147#.

Sasa kosa la serikali.

Tangu Juni 2013 mama alikuwa anazaa bure katika hospitali ya umma, na baadaye ikaja Linda Mama. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, uzazi ukawekwa chini ya SHIF, ule mfuko wa kuchangia. SHIF hulipa hospitali shilingi 10,000 kwa kuzaa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Pesa si mbaya. Lakini ili ilipe, lazima mchango wako uwe umeingia.

Mwenye ajira hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi. Mama wa mahamri na kijana wa boda boda wanadaiwa mwaka mzima kwa mpigo: kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Mnasema kuna Lipa SHA Pole Pole? Huo ni mkopo, na kwetu Waislamu mkopo lazima uulizwe habari ya riba kwanza.

Wengine watasema, "Si 300 tu, pesa ya bando?" Kweli, mwenye uwezo asiyelipa anamdhulumu mwenzake. Lakini 300 kwa mwezi si sawa na 3,600 kwa siku moja.

Basi mama anaogopa bili, anazalia nyumbani, na chanjo za siku ya kwanza zinampita mtoto. Hakuna aliyemnyima chanjo. Amenyimwa kitanda ambapo chanjo hutolewa.

Tazama na upande wa dispensari. Kiwango kilichowekwa ni shilingi 900 kwa mtu kwa mwaka. Gawanya kwa 12, ni 75 kwa mwezi. Hapo kuna dawa, glavu, vipimo. Nesi akitaka kubeba kisanduku cha chanjo hadi vijiji vya mbali, nauli itoke wapi? Na katikati ya 2025, BCG na polio zilipoadimika nchini, hata mama aliyefika kliniki alirudi mikono mitupu.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinatupa haki ya afya, na cha 53 kinampa mtoto haki ya matibabu. Kwa hivyo tunadai matatu. Uzazi utolewe kwenye mfuko wa kuchangia, uwe bure tena. Asiye na mshahara aruhusiwe kulipa mwezi kwa mwezi bila mkopo. Na kila dispensari ibandike ukutani pesa ilizopokea na tarehe zilipoingia. Kifungu cha 35 kinakuruhusu kuuliza, kwa hivyo uliza.

Nasi tuna wajibu wetu. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sheria yetu. Ijumaa hii baada ya swala, uliza nyumbani kwenu na kwa jirani: nani mjamzito? Mtoto yupi hana kitabu? Mpeleke.

Yule dada tulimsindikiza kliniki kesho yake. Mtoto akadungwa, akalia, akanyamaza. Hakuna aliyemuuliza mamake habari ya SHA.

Wabillahi tawfiq.