Mwenye Kalamu na Jamaa Yake



Katika nchi yetu ya Aru wako watu wenye kazi isiyoonekana sokoni. Mchana huyu ni mwalimu, yule ni katekista, mwingine analima mihogo kama jirani zake. Lakini usiku, watoto wakiisha kulala, hufungua daftari na kuandika: mafundisho kwa wachumba, maisha ya mtakatifu msimamizi wa parokia, habari za Wakristo wa kwanza wa kijiji. Hawana kampuni ya kuwachapishia. Hujiandikia, hujisahihishia, hulipa mchapaji kwa fedha yao, kisha huuza vitabu vyao mkononi. Siku nyingine huandika ukurasa mmoja katika simu na kuupeleka kwa rafiki, naye humpelekea mwenzake, hata ukavuka mpaka na kusomwa Arua.

Je, kazi hiyo ni ya heshima, au ni majivuno tu? Wake wengine huuliza hivyo waonapo mafuta ya taa yakiisha na ada ya shule haijalipwa. Swali lao si baya, tena lastahili jibu.

Sisi twasema kwamba kazi hiyo ni ya heshima, nayo si mpya. Mwaka 1594 padri kijana, Fransisko wa Sales, alitumwa kuhubiri katika nchi ya Chablais, kusini ya ziwa la Geneva. Watu hawakuja kumsikiliza. Basi alifanya nini? Alishika kalamu. Aliandika karatasi fupi za kueleza imani, na nakala zake zikapenyezwa chini ya milango ya nyumba. Yule asiyethubutu kwenda kanisani aliweza kusoma nyumbani kwake. Baada ya kufa kwake, mwaka 1622, karatasi hizo zilikusanywa zikawa kitabu. Na mwaka 1923 Baba Mtakatifu Pius XI alimtangaza kuwa msimamizi wa waandishi Wakatoliki. Sikukuu yake ni tarehe 24 Januari. Kumbe basi, ukurasa mmoja wenye ukweli, ulioandikwa kwa upole, si kitu kidogo.

Lakini njia ya kalamu ni ndefu. Tumtazame Mwafrika mwenzetu, Aniceti Kitereza, Mkatoliki wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusoma seminari ya Rubya. Mwaka 1945 alimaliza kitabu kikubwa kwa lugha yake ya Kikerewe. Kilisimulia habari za Myombekere na mkewe Bugonoka, watu wawili waliokosa mtoto kwa muda mrefu, wakasumbuliwa na ndugu, wala wasikubali kuachana. Nani angechapa kitabu cha lugha yenye wasomaji wachache hivyo? Miaka ikapita. Mzee mwenyewe akakitafsiri kwa Kiswahili, na hatimaye mwaka 1980 kilitolewa na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam. Miaka 35! Kitereza alifariki mwaka 1981. Leo kitabu chake chasomwa hata kwa Kiingereza na Kijerumani.

Hapo twapata fundisho juu ya lugha. Kwetu Aru swali ni lile lile. Ukiandika Kilugbara, nyanya yako ataelewa asomewapo na mjukuu wake. Ukiandika Kiswahili, utasomwa hata Bunia na mbali zaidi. Ukiandika Kifaransa, mwanafunzi wa sekondari atakusoma, bali nyanya hatapata kitu. Lugha zote ni njema. Ila mwandishi amjue kwanza yule anayemwandikia.

Sasa twafika kwenye neno lililo kubwa zaidi. Anayejichapishia ni mwandishi, ni msahihishaji, ni mwenye duka. Hatari yake ni hiyo: hakuna wa kumwambia, «Hapa umekosea.» Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Basi yampasa kujitafutia watu watatu.

Wa kwanza ni msomaji asiyemwogopa. Huenda ni mke wake, huenda ni mwalimu mwenzake. Amsomee kwa sauti, pale msikilizaji anaposinzia au kuuliza «Wamaanisha nini?», ndipo pa kuandika upya.

Wa pili ni padri wake. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zaeleza jambo hili wazi. Katekisimu na vitabu vya kufundishia dini vyahitaji kibali cha Askofu wa mahali. Hali kadhalika vitabu vya sala. Vitabu vingine vya dini na maadili, yafaa kumpelekea Askofu avipime (kanuni 826 na 827). Tena vitabu vya namna hiyo visivyo na kibali haviruhusiwi kuwekwa, kuuzwa wala kugawiwa kanisani. Kwa hiyo mwandishi wa Aru apeleke maandishi yake jimboni, Mahagi-Nioka, kabla ya kumlipa mchapaji. Wengine huona hiyo ni pingu. Sivyo. Ni jicho la pili. Na mkosaji wa mafundisho hupotosha wengi kuliko mkosaji wa hesabu.

Wa tatu ni yule anayetunza mfuko wa nyumba, naye mara nyingi ni mama wa watoto. Tupige mfano. Tuseme mtu achapishe nakala 200, na kila nakala imgharimu shilingi 5,000 za Uganda, ambazo hutumika sana sokoni kwetu. Ametoa shilingi 1,000,000. Akiuza kila nakala kwa 7,000, hatarudisha fedha yake mpaka auze nakala 143. Akiwapa marafiki na ndugu nakala 30 bure, zimebaki 170. Akiziuza zote, faida yake ni 190,000 tu. Na mvua ikipenya darini, je? Basi aanze na nakala 50, auze, ndipo achape tena. Wala fedha ya ada na ya dawa isiguswe kamwe. Kitabu chaweza kungoja. Mtoto mgonjwa hangoji.

Nasi wasomaji tunalo letu la kufanya. Twapenda kumwambia mwandishi, «Nipe kimoja, ndugu yangu.» Hatumwambii hivyo mwuza chumvi. Tununue, tusome, kisha tumwambie kweli yaliyo mema na yaliyo mabaya.

Wazee waliowaona Wakristo wa kwanza wa nchi hii wapungua kila mwaka. Wakizikwa bila kuandikwa, hakuna mchapaji wa Kampala wala wa Kinshasa atakayetuletea habari zao. Kijana mwenye daftari aende kwa babu yake juma hili, amwulize jina la katekista aliyembatiza, aandike jibu lake pamoja na mwaka. Hiyo ndiyo kurasa ya kwanza. Nayo haigharimu hata shilingi moja.