Istilahi "Kingamwili" na Bakteria Waishio Ndani ya Seli

Istilahi inayotaja kazi ya kitu humsaidia mwanafunzi, mradi kitu hicho kiwe na kazi moja. Kingamwili haina kazi moja. Neno hili, sawa na mwenziwe fingomwili (lililotokana na fingo, kago lifukiwalo ili kulinda nyumba au shamba), humwahidi msomaji ulinzi hata pale ambapo ulinzi haupo.

Mfano ulio wazi ni bakteria aitwaye Listeria monocytogenes. Huingia katika seli ya mwenyeji wake, hutoboa kifuko kilichomzingira, kisha husukumwa na nyuzi za aktini za seli hiyo hiyo hadi seli jirani pasipo kutoka nje. Mnamo 1962 G. B. Mackaness alionyesha kwamba seramu ya panya waliopona haikuwakinga panya wengine. Upinzani ulitegemea seli. Antibodi, kwa jumla, hubaki mlangoni.

Udhaifu huo ndio unaomfaa mtafiti. Seli zilizoambukizwa zikishatiwa dawa ya kuzihifadhi, humwagiwa antibodi zenye rangi ing'aayo, tuseme nyekundu, nazo huwashika bakteria walio nje tu. Kisha utando wa seli hutobolewa kwa aina ya sabuni, na antibodi za kijani huongezwa. Chini ya hadubini, bakteria mwenye rangi zote mbili yuko nje. Mwenye kijani peke yake yumo ndani.

Sasa na ajaribu mfasiri kuandika kwamba kingamwili zimemshika bakteria ambaye haziwezi kumdhuru. Maabarani mkanganyiko huo huenda ukachekesha. Zahanatini hauchekeshi: vipimo vingi vya UKIMWI hutafuta antibodi, na mtu aambiwaye kuwa damu yake ina kingamwili za virusi hivyo ana kila sababu ya kudhani kwamba amekingwa.

Watetezi wa kingamwili watasema, na ni kweli, kwamba antibodi hukinga dhidi ya pepopunda na maradhi mengine mengi, na kwamba hata bakteria wa ndani ya seli huweza kunaswa kabla hajaingia. Basi neno hilo na libaki kwa antibodi ambayo ulinzi wake umethibitishwa. Katika maandishi ya utafiti na majibu ya vipimo, antibodi inatosha. Woga wa kukopa hauna msingi hapa: seramu, virusi na bakteria nayo ni mikopo, na imekwisha kutulia vitabuni.