Sahani za Karatasi Zisitupwe

Asubuhi inayofuata ubatizo, siku ya kuzaliwa au kwanjula hapa Kampala, kitu cha kwanza kionekanacho uani ni sahani za karatasi. Baadhi zimetumika, baadhi hazikuguswa, na zote huishia ndani ya gunia la takataka, au mvua ikinyesha, katika mitaro imwagayo maji Nakivubo. Safu hii yawaomba akina mama na akina baba wazitenge zilizo safi kabla mfagiaji hajafika, kwa kuwa zaweza kuwapa watoto kazi ya mikono ya siku nyingi.

Zifaazo ni zile nyeupe zisizopakwa nailoni wala utando wa rangi ya fedha. Juu ya hizo gundi haishiki na rangi hutiririka. Sahani iliyowekewa mandazi au karanga yaweza kupanguswa ikatumika. Iliyowekewa mchuzi itupwe, maana mafuta huita mende na sisimizi. Gundi haina haja ya kununuliwa. Chukua vijiko viwili vya unga wa muhogo, ukoroge katika nusu kikombe ya maji baridi hata mabonge yaishe, kisha upike kwa moto mdogo huku ukikoroga mpaka uji uwe mzito na kuanza kung'aa. Gundi hiyo hukaa siku mbili tatu, halafu huchacha.

Vitabu vya kazi za mikono viletwavyo kutoka ng'ambo huwafundisha watoto kuigeuza sahani kuwa mtu wa theluji. Si vibaya, lakini theluji ya Uganda iko juu ya milima ya Rwenzori, na mtoto wa Kawempe au Nsambya hajaigusa. Afadhali sahani imfundishe jambo atakalolihitaji kesho. Wazazi waliokaa na watoto wao tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, shule zilipofungwa, kabisa au kwa sehemu, kwa ajili ya UVIKO-19, hawahitaji kuambiwa kwamba nyumba nayo ina sehemu yake ya kufundisha.

Tuanze na saa. Watoto wengi wa mji huu huchanganyikiwa: mwalimu asema kwa Kiingereza kwamba masomo huanza saa ya nane, na nyanya nyumbani asema kwa Kiganda, kama tusemavyo kwa Kiswahili, kwamba ni saa mbili. Mtoto hudhani mmoja wao amekosea. Ukweli ni kwamba nyanya huhesabu tangu kunapokucha, na huku kwetu, karibu na ikweta, mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, hata hesabu hiyo haimpotezi mtu. Tofauti ya hesabu hizo mbili ni saa sita kamili. Basi ukiutazama uso wa saa utaona kwamba namba ya nyanya daima imekaa ng'ambo ya pili, ikiikabili namba ya mwalimu: 7 hutazamana na 1, 8 hutazamana na 2, 12 hutazamana na 6.

Kwa hiyo mshale mfupi wa saa yetu utakuwa na ncha mbili. Mtoto aandike namba ukingoni mwa sahani, akianza na 12, 6, 3 na 9 ili zisibanane upande mmoja. Sahani ya pili ikatwe mishale: mmoja mrefu wa dakika, na mwingine mfupi upitao katikati na kutokeza pande zote mbili kwa urefu ulio sawa. Ncha moja ipakwe masizi ya sufuria, nyingine ipakwe nyekundu. Toboa katikati, upitishe uzi mnene, na ufunge kwa kifungo cha shati mbele na kingine nyuma, usikaze mno, mishale ipate kuzunguka. Hapo ncha nyeusi husoma saa ya shule na ncha nyekundu husoma saa ya nyumbani. Mtoto na aizungushe mwenyewe. Baba akirudi kazini jioni amwulize: ni saa ngapi kwa mwalimu, ni saa ngapi kwa nyanya?

Kazi ya pili ni kikapu, nayo ndiyo niipendayo zaidi. Zamani binti aliyekaa karibu na mama yake alijifunza kusuka mkeka (Waganda nao huuita omukeeka) bila kukalishwa chini kufundishwa. Katika mzigo wa chumba kimoja mkeka hununuliwa sokoni, na vidole vya mtoto havijui kupita juu ya mmoja na chini ya mwingine. Sahani yaweza kuwa mwanzo wa kujua.

Siri yake ni hesabu. Idadi ya ndimi za kusukia isigawanyike kwa mbili. Zikiwa 16, utepe ukimaliza mzunguko wa kwanza utapita tena juu ya ndimi zile zile, na kikapu hakitashikana. Zikiwa 17, juu na chini hubadilishana kila mzunguko. Kata duara la gazeti (hata hili, likishasomwa) lenye ukubwa wa sahani, ulikunje katikati mara nne, ulifungue, na utapata sehemu 16. Ziandike kwa penseli juu ya sahani, kisha sehemu moja uigawe mara mbili. Chora mduara mdogo katikati kwa mdomo wa glasi. Hicho ni kitako, mkasi usikiguse. Kata kila mstari kutoka ukingoni hadi kwenye mduara, na ukate tena kando yake ili utoke utepe mwembamba, ndimi zisisuguane. Ziinue kidogo, ziwe mfano wa bakuli wala si ndoo.

Mama akate, asuke mtoto. Wengi wetu tukiuona mzunguko wa tatu umekwenda upande twanyakua kikapu na kukifumua, na mtoto huondoka akacheze kwingine. Kikiwa upande kitabeba vifungo na penseli vile vile. Mwenye miaka mitano atasuka kwa tepe pana za gazeti lililokunjwa. Aliyefika minane apewe nyuzi kavu za mgomba, zile watoto wasokotazo kuwa mipira. Zilowanishwe kwanza, la sivyo hukatika zikipindwa. Kila mzunguko usukumwe chini kwa kidole ukutane na ulioutangulia, na ncha ya mwisho ichomekwe ndani kwa gundi ya muhogo. Kikapu kikauke kivulini usiku kucha. Juani ndimi hujipinda.