Sindano za Wachina na mugongo wa muchimbaji

Tangu kampuni za Wachina zijae katika migodi ya Lualaba, dawa zao nazo tunazizungumzia. Mugongo unauma, magoti yanauma, na wengi banauliza: ile sindano inasaidia kweli?

Kule Ujerumani, uchunguzi wa mwaka 2007 ulifuata wagonjwa wa mugongo 1.162. Waliochomwa sindano, karibu nusu walipata nafuu. Waliotunzwa kwa dawa na mazoezi ya kawaida, zaidi kidogo ya robo. Lakini waliochomwa pasipo kufuata mafundisho ya Wachina walipata nafuu karibu sawasawa. Basi sindano inaweza kutuliza maumivu, lakini haitengenezi mufupa.

Ukienda, sindano ifunguliwe mupya mbele ya macho yako: iliyotumika inaweza kuleta SIDA na hepatiti. Kidonge kisichoandikwa kilicho ndani, tukiache.

Tena, anayerudi kesho kubeba mifuko ileile atarudi na maumivu yaleyale. Mwenye mukataba asiuze mbuzi juu ya matunzo: sheria ya kazi ya 2002 inamulazimisha mwajiri kumutunza, yeye na jamaa yake. Creuseur, yeye, analipa mwenyewe. Hapo ndipo shida yetu kubwa iko.